Tope la Mita ya Thelathini na Moja

Katika Kibiti nzima, mwanamke aliyetia udongo kinywani bila kuwa na mimba alikuwa mmoja tu, Sihaba binti Mrisho. Mwenyewe alisema hali udongo, anauuliza. Alikuwa mfinyanzi, na akifika shimoni kuchimba udongo wa vyungu alikata kipande kidogo kama punje ya hindi, akakiweka kati ya meno ya mbele, akakisaga taratibu, kisha akatema. Ukiteleza kama samli, huo ni mfinyanzi halisi, na chungu chake kitakaa mekoni miaka kumi. Ukilia chini ya jino, hata kwa mbali, una tope la mto ndani yake, na chungu kitapasuka motoni. Vidole ni waongo, alisema Sihaba, vidole vinapenda kila kilicho laini. Meno hayana upendeleo.

Lakini mwaka ule wa tisini na nne meno hayo yalikuwa hayalipi. Zilikuwa siku za ruksa, bidhaa za nje zikiingia kwa wingi: stendi ya Kibiti ilijaa ndoo za plastiki za kila rangi, sufuria nyepesi na mitumba mpaka njiani. Sihaba aliuza vyungu viwili kwa mwezi, na kimojawapo kilinunuliwa na mganga.

Siku moja shimoni kwake akatokea mtu mrefu mwenye viatu vya mpira, akamkuta anasaga. Alikuwa Theodory, mtu wa Mahenge, fundi mkuu wa mradi wa visima uliokuwa ukichimba pale Kibiti. Alikuja kutafuta udongo wa kuzibia bomba, akasimama mdomo wazi, na kwa kuwa mdomo ulikuwa wazi Sihaba akaona kwamba meno yake ya juu yametulia kupita kiasi. Yalikuwa ya bandia.

"Mama, nani amekufundisha hivyo?"

"Hivyo vipi?"

"Kupima udongo kwa meno. Sisi tulifundishwa chuoni, miaka miwili."

"Miye nilifundishwa na mama yangu, kwa kofi moja."

Theodory alicheka mpaka akashika taya. Akamweleza kwamba meno yake mwenyewe yaling'olewa na chuma cha mtambo kilichofyatuka, na tangu hapo amekuwa fundi wa miamba asiyeweza kuuma mwamba. Toka siku hiyo akawa anapita kwa Sihaba jioni, anakunywa chai barazani, na jioni moja akaja na kisanduku cha mawe.

"Haya yote ni miamba ya mashapo," akasema. "Mashapo kama haya ya chai. Maji yamebeba mchanga na udongo, yamechoka, yametua. Tabaka juu ya tabaka, mpaka la chini limekandamizwa limekuwa jiwe. Hebu mwagia hili."

Sihaba akamwagia kijiko cha chai. Jiwe likanywa, likabaki na baka tu.

"Hilo punje zake ni kubwa na zinalingana. Ukijaza machungwa kwenye gunia, kati ya chungwa na chungwa kuna nafasi, au siyo? Maji hupita hapo. Sasa hili."

La pili nalo lilikuwa la mchanga, lakini chai ilisitasita juu yake, ikazama kidogo kidogo. Punje kubwa na ndogo zimechanganyika, akaeleza, ndogo zimeziba nafasi za kubwa, kama mtu amemwaga mchele katika lile gunia la machungwa. Kwenye la tatu, la kijivu, chai haikuzama kabisa. Ilikaa juu kama ushanga.

"Huo ulikuwa mfinyanzi," akasema Theodory.

"Basi hauna maji ndani."

"Hapo ndipo wengi wanapokosea, mama. Mfinyanzi mbichi una maji mengi kuliko mchanga. Umejaa tele. Ila punje zake ni ndogo mno na njia kati yake ni nyembamba mno, hayatoki. Kuwa na maji ni jambo moja, kuyaachia ni jingine."

Sihaba akaligeuza lile jiwe kiganjani. "Namjua mtu wa hivyo," akasema, akainuka kwenda kuongeza kuni.

Mtu huyo alikuwa mumewe. Jina lake Mshamu Saadi, na aliishi Kikokoni, kitongoji cha delta kilichozungukwa na mikoko, mahali pa mpunga na uvuvi wa kamba ambapo hata kwenda msibani mtu hupanda mtumbwi. Sihaba naye aliishi huko hapo zamani. Kisha, kiasi cha miaka kumi na tano nyuma, mto ulifurika ukabadili njia, ukauacha mkono uliopita Kikokoni, na pale mto ulipotoka bahari ikaingia. Visima vikageuka vya chumvi. Mwaka huo huo walimzika mtoto wao wa kiume wa miezi saba, aliyeharishwa na maji siku tatu. Sihaba akafunga mzigo, akamshika mkono binti yake Salima, akamwambia mumewe, "Maji matamu yakitoka hapa, nitarudi. Yasipotoka, sirudi." Mshamu aliwavusha kwa mtumbwi, akawashushia mizigo, akageuka.

Hakumwacha. Hakuoa mwingine, ingawa wake wa kuoa hawakukosekana. Kila mwaka baada ya mavuno alifika Kibiti na gunia la mchele na kikapu cha kamba wakavu, akakaa siku nne, akasimulia viboko walivyokula mpunga, akaondoka. Sihaba alimwandalia, alimkunjia nguo, alimsindikiza mpaka barabarani. Hakumwomba abaki, naye Mshamu hakumwomba arudi. Walikuwa watu wawili wazima wenye ndimi vinywani, na wote wawili wakazitumia kuzungumza habari za viboko.

Tuseme wazi basi, maana wenyewe hawakusema: Sihaba alimtamani. Alimtamani mume na akapatamani mahali pale, na kadiri miaka ilivyokwenda alishindwa kutenganisha kimoja na kingine. Kibiti hakuna maji yanayokuja na kuondoka. Kikokoni mtu alijua saa akiwa amelala, kwa kusikia tu maji yakijaa mikokoni, na pumzi ya Mshamu ikiwa upande wa ukuta. Salima aliolewa, akahamia Ikwiriri, na nyumba ikawa kimya mpaka Sihaba akaanza kuviambia vyungu vyake habari za siku. Alikuwa na miaka hamsini na mbili. Alijihesabia miaka iliyobaki, akaona si mingi.

Theodory alipomaliza kazi Kibiti, akatoa orodha ya vijiji vinavyofuata. Akasoma, na alipofika jina la tano Sihaba akaacha kupepeta mchele.

"Rudia hilo."

"Kikokoni. Hawa wameomba mara nne. Barua nne ofisini, zote za mwenyekiti wa kitongoji, mtu anaitwa Mshamu Saadi. Ya mwisho aliileta mwenyewe."

Barua nne! Mtu ambaye hakuwahi kumwandikia mkewe hata salamu. Sihaba alirudi kwenye ungo, lakini mikono yake ilikuwa inapeperusha mchele pamoja na pumba.

"Huko ni udongo mtupu mpaka chini sana," Theodory akaendelea. "Juu kuna mchanga wenye chumvi. Maji matamu yapo, ila yapo chini ya mfinyanzi. Nikiukosa ule mfinyanzi, chumvi itashuka na kisima kitakufa. Ninahitaji meno, mama. Twende."

Walikwenda mwishoni mwa Januari, mabomba na vyuma katika mashua moja, watu katika nyingine. Mshamu alikuwa gatini, miguu kwenye tope mpaka magotini. Alikuwa amekonda. Ndevu zilikuwa nyeupe upande mmoja zaidi ya mwingine.

"Umefika," akasema.

"Nimefika."

"Njiani salama?"

"Salama."

Basi, yakaishia hapo. Akambebea kikapu mpaka kwa Tabu, dada yake mdogo, wifi ya Sihaba, kwa sababu kwao mke aliyeondoka haingii nyumbani kwa mumewe kwa miguu yake mwenyewe. Hurudishwa, kwa wazee na kwa sherehe. Na wote walijua kitakachomrudisha.

Wakasimamisha nguzo tatu kwenye uwanda ulio nyuma ya msikiti, wanaume wanne wakawa wanazungusha chuma kwa zamu. Kila mita Theodory alitoa udongo wa chini, akauweka katika mfuko wa plastiki, akaandika namba. Sihaba aliketi kwenye mkeka na kikombe cha maji ya kusukutua. Mita ya nne: tope la mikoko, linanuka mayai viza. Mita ya tisa: mchanga mwembamba, wa chumvi. Mita ya kumi na saba: mchanga mnene zaidi, nao wa chumvi mpaka ulimi ukakunjamana. Watoto wa Tabu walikaa mbali kidogo wakimtazama bibi anavyolishwa udongo na Theodory, wakacheka mpaka wakapaliwa.

Mshamu naye alizungusha chuma kama wengine. Kila Sihaba alipouma, mikono yake ilisimama, na wenzake watatu wakamkemea.

Chuma kilikatika mita ya ishirini na mbili, wakapoteza siku tisa wakingoja kingine kutoka Dar es Salaam. Kilipofika, mwezi wa Ramadhani ulikuwa umeandama. Kazi ikaendelea na saumu yao, polepole, na asubuhi ya mfungo wa kumi na tano ukapanda udongo wa kijivu, laini, wa mita ya thelathini na moja. Ulikuwa hivyo hivyo mpaka mita ya thelathini na nne. Chini yake ukatoka mchanga wa kupendeza, punje kubwa zinazolingana, na maji yaliyopanda nao yalikuwa matamu. Theodory, ambaye hakuwa amefunga, aliyaonja mara tatu.

Watu wakaanza kupiga kelele za furaha. Theodory akainua mkono.

"Bado. Huu wa kijivu hapa juu yake ni kitu gani? Ukiwa mfinyanzi, tumefika, tushushe mabomba leo. Ukiwa tope la mto, lile lililosagika kama unga, basi linavuja. Si leo wala kesho, lakini linavuja. Itabidi tushuke mpaka tupate mfinyanzi wa kweli, na kama chini hakuna, basi hapa hakuna kisima. Ningeutikisa katika chupa ya maji nione unavyotua, mpaka kesho ungejieleza. Ila bamvua ni leo, maji yakipanda shimo hili litabomoka." Akamgeukia Sihaba, akashusha sauti. "Mama, najua umefunga."

Mzee Abdala, imamu, alikuwa amesimama hapo hapo. "Kuonja na kutema, kwa haja, hakufunguzi," akasema. "Wapishi huonja chumvi ya mchuzi. Uma, binti yangu, kisha usukutue."

Sihaba aliuchukua udongo. Aliusugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Ulikuwa laini, laini sana, ukateleza. Aliinua macho akamwona Mshamu ameshika chuma kwa mikono miwili, midomo imekauka kwa saumu, anamtazama kama mtu anayesubiri hukumu ya kadhi. Na hapo hapo, nyuma ya bega lake, paa la nyumba yao lilionekana. Alikuwa ameliezeka upya. Makuti yalikuwa mabichi bado.

"Miye sitii udongo kinywani mchana wa Ramadhani," akasema. "Vidole vinatosha. Huu ni mfinyanzi."

Wanawake wakamsifu kwa ucha Mungu wake. Mzee Abdala alitikisa kichwa, lakini nani atamlazimisha mtu aache kuzidisha ibada? Theodory akamtazama kidogo, kisha akasema haya, leteni mabomba. Baada ya alasiri mabomba yalikuwa ardhini na kokoto zimemwagwa pembeni yake. Kilichobaki ni saruji ya juu na pampu, kazi ya kesho.

Jua lilipotua Sihaba alifuturu kwa tende na uji, kisha akaondoka mbele za watu kama anayekwenda kutawadha. Mifuko ilikuwa imepangwa ukutani kwa Tabu. Akaufungua wa mita ya thelathini na moja, akachukua kipande kama punje ya hindi, akakisaga.

Kikalia.

Akachukua kingine, cha mita ya thelathini na tatu. Kikalia vile vile, sauti ndogo, ya ndani ya kichwa, ambayo hakuna mwingine awezaye kuisikia. Akasukutua mdomo, akakaa chini. Huko uwanjani Theodory alikuwa anacheka na watu. Mabomba bado yangeweza kuvutwa. Neno moja tu lilihitajika, na neno hilo lingemaanisha siku nyingine kumi za kuchimba, labda mfinyanzi upo, labda haupo kabisa, labda masika yatawahi na mradi utahamia kwingine, na yeye atarudishwa Kibiti katika mashua ile ile. Asije mtu akasema hakujua. Alijua, akaufunga mfuko, akaurudisha mahali pake. Alisema moyoni mwake: hata kama ni mwezi mmoja.

Maji yalitoka kesho yake, matamu, baridi, pampu ikilia kwa mara ya kwanza katika kitongoji kile. Theodory aliondoka na vyuma vyake, akampa Sihaba lile jiwe la mchanga liwe ukumbusho. Sihaba alilitupa majini siku hiyo hiyo.

Idi ilipopita Mshamu alikuja kwa Tabu na Mzee Abdala na wazee wawili, amevaa kanzu iliyopigwa pasi ya mkaa, akamrudisha mkewe. Wanawake waliimba njia nzima, na njia yenyewe ilikuwa hatua sitini. Familia mbili nyingine zilizohamia nchi kavu zikasikia habari, zikarudi na watoto.

Hivyo Sihaba akapata alichokitaka, na hakuna haja ya kuficha kwamba alikifaidi. Masika yote mvua ilipiga kwenye makuti mapya na Mshamu alikuwa upande wa ukuta. Walipanda mpunga pamoja. Walilinda ndege pamoja, yeye upande huu wa shamba na mumewe upande ule, wakipigiana kelele kama vijana. Jioni moja Mshamu alimpaka mafuta miguu iliyopasuka kwa tope, bila kuombwa, kidole kimoja kimoja. Sihaba alitaka kulia akacheka. Kila asubuhi alipokwenda kisimani alionja kwanza tone moja kwenye kiganja. Tamu. Akashukuru, akaona aibu ya kushukuru, akajaza ndoo.

Mpunga ulipokwisha kuvunwa, katika Mfunguo Tano, mwezi mmoja kabla ya Maulidi, Mshamu akasema yeye atachota maji.

"Weye? Mwanamume?"

"Miguu yako inakuuma. Miye naamka mapema kwenda kutega kamba, nitapitia."

Kitongoji kizima kilicheka. Mshamu Saadi, mwenyekiti, anamchotea mkewe maji! Wakasema limbwata limemkolea. Kila asubuhi Sihaba alipoamka alikuta mtungi umejaa mpaka shingoni, na alitembea na hilo kifuani siku nzima, kama msichana aliyeletewa kanga. Miguu kweli ilikuwa inamuuma. Hakwenda tena kisimani.

Ikapita hivyo mpaka ukaandama mwezi wa Maulidi. Wanawake walikusanyika kwa Tabu kuchambua mchele wa sherehe, na Sihaba akaomba maji ya kunywa. Tabu akamletea kikombe. Alikunywa funda moja, akalishikilia mdomoni, hakuweza kulimeza.

"Najua, wifi," akasema Tabu. "Ndiyo yalivyo. Wiki tatu sasa. Mwanzoni nilisema labda ndoo yangu, lakini kila nyumba ni hivyo hivyo, na yanazidi. Mwanangu huyu mdogo ameanza kuharisha tangu juzi. Kwani kwenu je? Si mnachota hapo hapo?"

Sihaba aliweka kikombe chini. Mtoto wa Tabu, wa miaka miwili, alikuwa amelala kwenye mkeka karibu na ukuta, midomo imepauka. Aliaga kwa sauti ambayo hakuitambua, akaenda nyumbani, akatumbukiza kata mtungini. Matamu. Akaonja tena. Matamu kabisa, yana harufu ndogo ya majani ya mto.

Akashuka gatini. Mtumbwi wa Mshamu ulikuwa umefungwa penye mikoko, si pale wanapofunga wengine. Ndani yake hakukuwa na wavu wala kamba hata mmoja. Kulikuwa na madumu mawili ya plastiki ya njano, yenye maji yaliyobaki asubuhi, na kasia ambalo mpini wake umesuguliwa ukang'aa. Alielewa. Maji matamu ya mto yalipatikana juu huko, baada ya kona nyingi. Mtu huondoka na maji yakijaa yamsaidie kupanda, akarudi na yakikupwa, na siku zisizolingana akapambana nayo. Mapema sana, kabla mke hajaamka.

Mshamu alimkuta ameketi kwenye ukingo wa mtumbwi, madumu miguuni pake. Akasimama mbele yake. Hakujaribu kudanganya.

"Tangu lini?" akauliza Sihaba.

"Tangu yalipoanza kubadilika. Miye nimekunywa chumvi miaka kumi na tano, nikaijua kabla ya wengine."

"Na hukusema."

"Ulisema maji yasipokuwa matamu hukai." Alitazama tope. "Nikasema, basi, mtungini mwake yatakuwa matamu."

Hapo Sihaba akamwambia. Alimwambia yote, habari ya mfuko wa mita ya thelathini na moja, ya jino lililolia wakati wa futari, ya mabomba yaliyoweza kuvutwa. Alimwambia kwamba saumu haikumzuia, kwamba alijificha nyuma ya dini ya Mungu kwa sababu aliogopa jibu, na kwamba sasa mtoto wa Tabu anaharisha kama alivyoharishwa wa kwao. Hakusimama mpaka mwisho. Mshamu alisikiliza, uso haukubadilika. Angepiga kelele ingekuwa nafuu.

Na kwa kuwa hakupiga kelele, hasira ya Sihaba ikampanda yeye, hasira ya miaka, ikamshtua hata mwenyewe.

"Unapiga kasia kwa muda wa saa tatu," akasema. "Kila siku ya Mungu, kwa umri wako huo, kwa ajili ya mtungi mmoja. Mwezi mzima. Umeandika barua nne serikalini. Mtu awezaye hayo, Mshamu, miaka kumi na tano alikuwa wapi? Madumu hayakuwako? Mto haukuwako? Kibiti hukuijua njia?"

Maji yalikuwa yanaanza kurudi mikokoni, na yalimfika Mshamu visiginoni kabla hajafungua mdomo.

"Ulisema unataka maji," akasema. "Siku ile, na nguo zako zimefungwa. Hukusema unanitaka miye. Nikaona, mtoto amekufa mikononi mwangu, mke hanitaki, lakini maji anayataka. Maji naweza kuyatafuta."

Sihaba alimtazama mtu huyu mwenye ndevu nyeupe upande mmoja. Miaka kumi na tano alidhani mkewe anangoja kisima, si yeye.

"Nilikutaka," akasema. "Ungekuja na madumu mawili siku ile ningerudi. Ungekuja mikono mitupu ningerudi. Mjinga wee. Mjinga miye."

Kisha akalia, kwa sauti, bila kujifunika uso, na Mshamu akaingia majini akamshika mabega, naye mabega yake yakawa yanatikisika. Wakakaa hivyo mpaka mtumbwi ukaanza kuelea.

Alipoweza kusema tena, Sihaba alinyanyua dumu moja, akampa mumewe la pili. "Haya ni ya Tabu," akasema. "Mtoto anywe leo. Na weye ni mwenyekiti, kawaite watu msikitini, niwaambie nilichofanya."

"Watakutukana."

"Wana haki. Kesho tutakwenda Kibiti tumuulizie Theodory kwenye ofisi ya mradi, nimwambie na yeye. Akikubali kurudi kuchimba, nitauma kila mita, hata ikiwa mchana wa Ramadhani."

"Na asipokubali?"

Sihaba alikuwa ameshatangulia, dumu begani, maji yakimpiga mgongoni. Hakugeuka kujibu, kwa sababu alihitaji kuona anapokanyaga.

"Nyumba yangu ya Kibiti ina chumba kimoja," akasema.

Nyuma yake alimsikia Mshamu anafunga mtumbwi, fundo moja, la pili, la tatu, kama mtu anayejua kesho atauhitaji kwa safari ndefu.

"Hata hapa ni kimoja," Mshamu akasema, akamfuata.